Mayi ya moto hayachomi nyumba

Maandishi haya yalianza na mabishano. Tulikuwa tumekaa jioni moja hapa Bunia, wazee na vijana wa chama, tukichagua mila za kuandika katika kitabu hiki. Kijana mmoja aliyetoka safari ya Uganda akatuelezea namna alivyolipa makuta ili aingie ndani ya mayi ya moto, akae tu, atoke jasho, apumzike. Akasema: "Kweli wazungu wanajua kujitunza. Sisi kwetu hatuna kitu kama hiyo."

Mama mmoja mzee akacheka mpaka akapangusa macho. Akamjibu: "Mwanangu, hiyo mayi sisi tuliikuta. Siku ulizaliwa, mama yako alikandwa na mayi ya moto siku nyingi, asubuhi na magaribi. Wewe mwenyewe ulioshwa nayo. Sasa unaenda kulipa ili ukumbuke?"

Sote tulicheka, lakini neno lake lilibaki. Kwa nini kijana wa Ituri, mtoto wa bonde hili lenye mayi ya moto kila upande, anafikiri kwamba kupumzika ndani yake ni jambo la wageni? Basi tukaona mila ya kuandika ni hii. Tutasema mayi haya yanatoka wapi, wakubwa wetu na jirani zao waliyafuata kwa kazi gani, na ni nini ilitufungia njia ya kuyaendea.

Mayi haya yanapikwa na nani?

Mutu anayeshuka kutoka Bunia kwenda Kasenyi ao Tchomia anajua namna barabara inavyoanguka. Bunia iko juu, mita zaidi ya 1.200 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Albert liko chini, mita 600 na kitu. Ule mtelemko si mlima wa kawaida. Ni ukingo wa bonde la ufa, pale ambapo ardhi ilipasuka na kipande cha katikati kikazama, kwa muda wa mamilioni ya miaka. Ukisimama juu siku ya mwanga, unaona ng'ambo ukingo mwingine, wa Bunyoro, sawa vile kuta mbili za nyumba moja.

Ndani ya nyufa hizo mayi ya mvua yanashuka chini sana. Kila kilometa moja unayoingia ndani ya ardhi, joto linaongezeka kama digrii 25 ao 30 mahali pa kawaida, na katika bonde la ufa linaweza kuongezeka zaidi. Mayi yakifika chini yanapata joto, yanayeyusha chumvi za mawe, kisha yanarudi juu kwa kupitia ufa mwingine. Hiyo ndiyo chemchemi ya mayi ya moto. Wataalamu waliopima hewa inayotoka katika chemchemi za Buranga, chini ya Ruwenzori, waliona alama kwamba joto lile linatoka mbali sana chini, kwenye mawe yaliyoyeyuka. Ardhi ile bado haijatulia. Wenye umri mkubwa wanakumbuka tetemeko la Machi 1966, lililobomoa nyumba upande wa Bundibugyo na upande wa Beni, na watu wengi wakafa.

Kwa hiyo chemchemi zimefuata ukingo wa bonde. Upande wa kaskazini, katika nchi ya Waalur, kuna Amoropii karibu na Panyimur, pale ziwa linapomwagia mto Nile. Ng'ambo ya ziwa, chini ya ukingo wa Bunyoro, kuna Kibiro. Kusini, bondeni mwa Semliki, kuna Sempaya. Ukiendelea kusini ndani ya Hifadhi ya Virunga, kwenye barabara ya kutoka Rutshuru kwenda Rwindi, unakuta mahali panapoitwa kwa jina letu lenyewe: Mayi ya Moto. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Bunia mpaka Sempaya haifiki kilometa 100. Mpaka Kibiro ni mia na kidogo tu. Tunaishi katikati ya vyungu vinavyochemka.

Kibiro: wamama na chumvi

Ukiuliza wazee, mayi ya moto yanaleta nini? Wengi hawataanza na kupumzika. Wataanza na chumvi.

Kibiro ni kijiji kilichobanwa kati ya ukingo na ziwa, katika wilaya ya Hoima. Mvua ni haba na shamba halizai. Lakini pale kuna chemchemi zenye joto linalofika digrii 80 na zaidi, na mayi yake yana chumvi. Mwanachuo Graham Connah, aliyechimba pale mwaka wa 1989 na 1990 akitafuta mabaki ya zamani, alikuta tabaka juu ya tabaka za vigae vya vyungu na majivu. Alionyesha kwamba kazi ya chumvi Kibiro ina miaka mia nyingi, kama 700 hivi ao zaidi.

Kazi yenyewe ni ya wamama. Kila mama ana bustani yake, lakini ni bustani ya udongo wenye chumvi, haina mboga. Anatandaza udongo mkavu, mwepesi, juu ya ardhi yenye unyevu wa chemchemi. Jua linavuta unyevu juu, na chumvi inapanda pamoja nao na kushika ule udongo. Jioni anaukusanya, kesho anautandaza tena. Ukishiba chumvi, anautia ndani ya chombo chenye matundu, anamwagia mayi juu, na mayi ya chumvi yanadondoka chini. Haya anayapika kwa kuni mpaka yakauke, chumvi ibaki. Udongo ule hautupwi. Unarudishwa bustanini, ukafanye kazi tena. Na bustani inatoka kwa mama kwenda kwa binti.

Kwa sababu Kibiro hawalimi, chumvi ilikuwa ndiyo chakula chao: waliibadilisha na unga, ndizi, mtama na vitu vingine. Ilisafiri katika ufalme wa Bunyoro, na ilivuka ziwa kwa mitumbwi mpaka upande wetu. Kumbuka kwamba kabla ya chumvi ya duka, nyumba nyingi za bara zilipata ladha kwa kuchoma majani na kuchuja majivu yake. Chumvi nyeupe ya kweli ilikuwa mali. Iliweza kulipia jembe, na iliweza kuingia ndani ya mahari. Ndiyo maana tunasema historia ya mayi ya moto kwetu inaanza jikoni, kabla ya kufika bafuni.

Jambo moja wasomaji washike hapa. Chumvi haikuuliza kabila. Mhema ambaye lugha yake ni jamaa ya Kinyoro, Mlendu, Mualur, Mgegere, Mubira, wote walitia chumvi katika chungu. Njia ya chumvi ilikuwa pia njia ya ndoa, ya urafiki wa damu na ya habari. Mutu aliyevuka ziwa kutafuta chumvi alilala kwa rafiki, alioga, akala, akarudi na maneno mapya.

Sempaya: Bintente na Nyansimbi

Wanachama wachache walipata nafasi ya kwenda Sempaya. Kutoka pwani yetu ya Kasenyi unavuka kwa mtumbwi wa mota mpaka Ntoroko, kisha unafuata barabara ya Karugutu na kuzunguka pua ya Ruwenzori mpaka msitu wa Semuliki, ambao tangu 1993 ni hifadhi ya taifa ya Uganda. Msitu ule ni ndugu wa msitu wetu wa Ituri. Miti ni ile ile na ndege ni wale wale. Mto Semliki tu ndio umepita katikati. Waongozaji wanasimulia kwamba hata jina Sempaya limetoka katika Kiswahili, "sehemu mbaya", juu ya mawe yaliyowasumbua watu waliojenga barabara. Sisi tulifurahi kusikia lugha yetu imeacha alama pale, hata kama alama yenyewe ni lalamiko.

Kuna chemchemi mbili, mume na mke. Ya mume inaitwa Bintente: ni ziwa dogo, pana, lenye mvuke mzito, na unalifikia kwa njia ya msituni. Ya mke ni Nyansimbi. Yeye anarusha mayi juu kwa nguvu, anachemka usiku na mchana, na pembeni yake mawe yamefanya ganda jeupe la chumvi na chokaa.

Hadithi yake inasimuliwa hivi na watu wa ukoo wa Bamaga. Zamani wamama waliokwenda msituni walimkuta mwanaume wa ajabu, mwili mzima umejaa manyoya, ana mkuki. Wakamleta nyumbani, akapewa mke wa ukoo ule. Siku moja akaenda kuwinda, hakurudi. Watu wakamtafuta, wakakuta mkuki wake umesimama kando ya mayi yanayochemka. Mke wake akalia, akaenda kumtafuta, naye akapotea. Mahali alipopotelea mayi mengine yakafunguka. Tangu hapo wanaume wa ukoo wanafanya sadaka kwa Bintente, na wanawake kwa Nyansimbi.

Pale hatukuoga. Hakuna mwenye akili anayeingia Nyansimbi, maana mayi yana joto karibu digrii 100. Wageni wanapika mayai na ndizi ndani ya mashimo madogo, dakika chache tu zimeiva. Sisi pia tulikula mayai yetu. Kisha tukakaa kimya kando ya mvuke, na kwa muda mrefu hakuna aliyetaka kuondoka. Mmoja wetu, ambaye tangu vita alikuwa na shida ya kulala, alisinzia akiwa ameegemea mti. Hatukumuamsha. Mbele yetu, ng'ambo ya bonde, vilima vya Congo vilionekana, na tulijua kwamba nyuma ya vile vilima kuna Boga, kuna Gety, kuna kwetu.

Wagonjwa wa Mtagata na Kitagata

Kuoga kwenyewe tunakukuta wapi? Maandishi ya zamani tunayoyajua vizuri yanatoka Karagwe, ambayo leo iko Tanzania kaskazini-magharibi. Machi 1876 Stanley alikuwa mgeni wa mfalme Rumanyika. Ni Stanley yule yule, Bula Matari, aliyekuja kupasua msitu wa Ituri miaka kumi na moja baadaye, akafika juu ya ukingo wa ziwa letu Desemba 1887, na mwaka uliofuata akakutana na Emin Pasha pale kwa Kavalli. Huko Karagwe alipelekwa kwenye chemchemi za Mtagata. Akakuta wagonjwa wengi, waliotoka nchi za mbali na za karibu, wanakaa pale siku kwa siku wakioga na kunywa. Alipima joto, likapita digrii 50. Yeye mwenyewe aliingia ndani ya mayi na akayanywa. Hakuamini sana kwamba yana dawa. Aliona kuoga na usafi ndivyo vinavyosaidia wenye ugonjwa wa ngozi.

Fikiria jambo hilo. Hakukuwa na mkoloni aliyejenga pale, hakukuwa na hoteli, na hakukuwa na daktari wa Ulaya aliyetoa karatasi. Watu wenyewe walijua mahali, walijua njia, na walikubaliana kukaa pamoja, wagonjwa wa nchi mbalimbali ndani ya mayi mamoja. Hiyo ilikuwa 1876, kabla mkutano wa Berlin haujakata Afrika.

Mila ile haijafa. Huko Kitagata, kusini-magharibi mwa Uganda, chemchemi mbili ziko karibu karibu. Moja inaitwa Ekyomugabe, maana yake ya mfalme, kwa sababu wafalme wa Ankole walioga pale. Ya pili watu wameipa jina Mulago, sawa vile hospitali kubwa ya Kampala, juu ya imani yao kwamba inaponya. Wazee wenye maumivu ya magoti na ya mgongo wanakaa ndani ya mayi nusu uchi, bila kuoneana aibu, wanaongea taratibu, wanajimwagia mayi mabegani. Wengine wanakaa siku nyingi. Jina lenyewe, Kitagata kama vile Mtagata, linatoka katika neno la kusema kitu chenye joto. Anayejua Kihema ao Kinyoro hahitaji mtafsiri.

Na mayi haya yanaponya kweli? Tujibu kwa uaminifu. Joto linalegeza nyama za mwili, linafungua mishipa ya damu, linapunguza maumivu ya viungo, linaleta usingizi. Hayo waganga wa hospitali pia wanakubali, na katika nchi nyingi wanawatuma wagonjwa wa viungo kwenye mayi ya namna hiyo. Lakini mayi ya moto hayatoi malaria, hayatoi kifua kikuu, hayatoi sukari. Mutu mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye presha isiyotulia, mama mwenye mimba, ao mwenye kidonda kibichi, aongee kwanza na munganga kabla ya kuingia. Wakubwa wetu walitumia mayi pamoja na dawa. Hawakuacha moja juu ya nyingine.

Mpaka ulipita katikati

Sasa tunafika mahali pagumu. Kama mila ilikuwa na nguvu hivi, kwa nini kijana wetu haijui?

Kwanza ni mpaka. Kwa mapatano ya 1910 na ya 1915, Wangereza na Wabelgiji waligawana nchi hii: mto Semliki na katikati ya ziwa vikawa mwisho wa dola moja na mwanzo wa nyingine. Boga, ambapo Apolo Kivebulaya alifika kuhubiri mwaka wa 1896 akitokea Toro, ikajikuta upande wa Wabelgiji. Watu wa ukoo mmoja, wenye lugha moja, walianza kuhitaji karatasi ili kwenda kumwona shangazi. Kibiro na Sempaya zikabaki kwa Wangereza. Upande wa Wabelgiji, mayi ya moto yalipopata mwekezaji, ilikuwa kwa faida ya migodi. Huko Kiabukwa, katika Katanga, mwaka wa 1952 walitumia mayi yenye joto la digrii 91 kuzalisha umeme wa mgodi, na kile kilikuwa kiwanda cha kwanza cha namna hiyo Afrika. Hapa kwetu nguvu zote zilikwenda kwenye dhahabu ya Kilo na Moto. Nani angefikiri juu ya magoti ya wazee?

Pili ni chumvi ya duka. Ilipofika kwa bei ndogo, safari ya kwenda ng'ambo ilipoteza sababu yake. Na chumvi ilipoacha kutuvusha, tukaacha pia kulala kwa rafiki wa ng'ambo na kuoga kwake.

Tatu ni vita. Hatuna haja ya kueleza sana, maana kila nyumba itakayosoma kitabu hiki ina kaburi lake. Kati ya 1999 na 2003 Ituri iliungua. Mei 2003 Bunia ilikimbiwa, na mwezi wa sita askari wa Ulaya wakaja kusimamisha risasi. Kisha tukapumua miaka michache. Desemba 2017, upande wa Djugu, moto ukarudi, na mwanzoni mwa 2018 makumi ya maelfu ya watu wetu walipanda mitumbwi pale Tchomia na pwani nyingine, wakavuka ziwa kwenda Hoima. Wengine walizama. Wengine walifika na kukuta kipindupindu kinawasubiri kambini.

Tunaomba msomaji asimame kidogo hapa. Ile pwani waliyoikimbilia ni pwani ile ile ya chumvi. Njia ambayo bibi zetu walipita kwa biashara, wajukuu wao waliipita kwa kukimbia panga. Mama mmoja aliyerudi alituambia kwamba huko ng'ambo mwenyeji mmoja, asiyemjua, alimchemshia mayi, akamkanda miguu iliyovimba, bila kuuliza kabila wala kulipisha. Akasema: "Pale njo nilijua bado niko mutu."

Mayi ya moto ya nyumbani

Ukweli ni kwamba mila haikupotea yote. Ilihamia nyumbani. Chemchemi iko mbali, lakini chungu kiko karibu.

Mama akizaa, hata kama amezaa hospitalini, mama mkwe ao mama mzazi wake anakuja. Mayi yanachemshwa, mara nyingine pamoja na majani. Anachovya kitambaa, anakikamua, anamkanda mzazi tumbo, mgongo na miguu. Mzazi analalamika kwamba yanaunguza, mzee anamwambia anyamaze. Kazi hii inaendelea siku nyingi, na katika siku hizo yule mama hachoti mayi, halimi, hapiki. Kukandwa ni dawa, na tena ni kibali cha kupumzika. Mwanamke wa kwetu ambaye mwaka mzima hana siku ya kukaa, wakati ule anakaa, na hakuna mutu atakayemwita mvivu.

Mutu mwenye homa ya mafua anafunikwa na blanketi juu ya sufuria ya mvuke, majani ya mkaratusi ndani. Mwaka wa 2020, wakati wa Covid, mila hii ilirudi mji mzima, na wengine waliizidisha mpaka watoto wakaungua. Mzee aliyetoka shambani anawekewa beseni aloweke miguu. Mgeni aliyetoka safari anaulizwa kwanza: "Tukuwekee mayi?" Anajua ni ya moto. Ukimpa mgeni mayi ya baridi jioni ya Bunia, pamoja na upepo ule wa juu, umemwambia arudi kwao.

Vitu hivi hatuviiti mapumziko kwa sababu havina bei. Lakini ndivyo vile vile ambavyo kijana wetu alilipia.

Tufanye nini?

Wenzetu wameanza. Kenya, pale Olkaria, wanatoa umeme mwingi kutoka mvuke wa ardhi tangu 1981, na mwaka wa 2013 wakafungua bwawa la kuogelea la mayi hayo hayo. Uganda wameiweka Kibiro katika orodha ya mahali inapopendekeza kwa urithi wa dunia tangu 1997, na wamechimba visima vya kupima joto pale pale. Hatuna wivu. Lakini tuna mashauri matatu.

Shauri la kwanza: kila jamaa iulize wazee wake. Ni nani aliyewahi kwenda kuoga? Alipita njia gani? Alilala kwa nani? Ni majani gani yaliwekwa ndani ya mayi, na kwa nini? Andikeni, hata kwa penseli, hata katika lugha ya mama. Mzee akienda, njia inakwenda naye.

Shauri la pili: atakayepata nafasi ya kwenda, aende na adabu. Usiingie bila kuuliza wenyeji, maana mahali pengine pana sadaka na pana masharti. Shika watoto mkono. Ganda la chini linaweza kuvunjika na mguu kuzama ndani ya mayi yanayochemka. Jaribu mayi kwanza kwa mkono. Usikae muda mrefu, dakika 10 ao 15 zinatosha, utoke, unywe mayi safi ya baridi, upumzike kivulini. Usifue nguo na usitie sabuni pale watu wanapochota ya kunywa. Usirudi na mawe.

Shauri la tatu ni kwa sisi wenyewe wa Ituri. Wakubwa wetu wana methali: mayi ya moto hayachomi nyumba. Wanaisema kwa mutu anayetisha kwa maneno makali, wakimaanisha kwamba kelele zake hazitaangusha kitu. Sisi tulioona nyumba zikiungua kweli, Bunia, Djugu, Irumu, tunaisikia kwa sikio lingine. Joto liko ndani ya nchi yetu, hatuwezi kulitoa. Likitoka kama moto, linachoma kijiji. Likitoka kupitia mayi, linatoa chumvi, linaivisha ndizi, linanyoosha mgongo wa mzee, linamkanda mama aliyezaa.

Yule kijana aliyeanzisha mabishano alirudi jioni iliyofuata. Hakusema mengi. Alikuwa na bidoni ya mayi na mfuko wa makaa. Akamwambia yule mama mzee: "Mama, keti. Leo ni mimi nitachemsha." Akamwoshea miguu mbele yetu, na kwa mara ya kwanza tulimwona mama yule amekosa neno la kusema.